Kadi Bila Jalada

3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Umeme umekatika mara nne kabla ya chakula cha mchana, na mara ya nne kompyuta ilikuwa kazini. Dada alikuwa anaitumia kuniambia nivue viatu vya matope. Ikasema "Vua vi", ikanyamaza. Nimecheka. Yeye hakucheka, na viatu nimevua.

5 Machi

Inawaka, lakini si vizuri. Kioo kinakuwa cheusi, kisha buluu, kisha kiduara kinaanza kuzunguka, kinazunguka weee, mwisho inajizima na kuanza upya. Leo imefanya hivyo mara kumi na moja.

Nieleze, maana daftari lisilo na maelezo ni karatasi za kuwashia moto. Dada yangu mkubwa alikuwa mpokea simu wa hospitali kwa miaka ishirini na sita. Wenzake walimwita Nakuunganisha, kwa sababu ndilo neno alilolisema kutwa kucha. Watu walimpigia wakilia, wakafika kwa daktari wametulia. Nyumbani hakutaka hata kuiona simu. Ukimtumia ujumbe wa sauti anakujibu kwa maandishi, ukimpigia anakata. "Nimeshaongea leo na nusu ya mji," alikuwa anasema, "liacheni koo langu lipumzike." Ndiyo maana sauti yake haipo kwenye simu ya mtu yeyote.

Miaka miwili iliyopita lile koo likaugua ugonjwa nisiopenda kuuandika. Madaktari wakasema ama watoe zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti, ama tumzike kabla ya mwaka kwisha. Tukapewa siku tisa za kujiandaa. Binti yake, mpwa wangu, alikuja na maikrofoni, tukakaa hapa mezani siku zote tisa tukiichota sauti kama watu walioambiwa maji ya bomba yatafungwa kesho. "Chai iko mezani." "Nani?" "Umechelewa." "Hapana" peke yake tuliirekodi mara sita: ya upole, ya ukali, ya kumkatalia muuza duka, na nyingine tatu zote za kunikatalia mimi. Jumla mafaili mia sita na kumi na mawili. Mpwa wangu akayapanga kwenye folda moja mbele ya kioo, akaiita MAMA ASEMA, kila neno na kipicha chake cha kubonyeza. Alinieleza mengi kuhusu mpangilio ule. Nilikuwa natikisa kichwa kukubali.

La mwisho dada alirekodi peke yake. Aliniambia nitoke nje nifunge mlango. Nilitoka, nikafunga, nikasimama palepale kwenye korido. Sikuyashika maneno, mlango ni mnene, lakini niliisikia sauti ikipanda na kushuka, na mara moja akacheka. Dakika kumi na moja. Alipofungua nilikuwa nimeshakimbilia jikoni kujifanya naosha vikombe. Faili lile linaitwa SIKU YA BINTI, na ni la siku mpwa wangu atakapoolewa. Hakuna aliyelisikiliza. Na kwamba nilisimama pale koridoni sijamwambia mtu.

7 Machi

Kiduara kimezunguka dakika arobaini. Nimekitazama zote arobaini.

9 Machi

Niliyoyajaribu: nimechomoa nyaya zote nikarudisha. Nimebadilisha soketi. Nimefungua tumbo lake nikapuliza vumbi, nikakuta mende mkavu, nikafurahi nikidhani nimempata mchawi. Nimeiacha ipumzike siku nzima kama mgonjwa. Hakuna.

Nyumba imekuwa kimya. Dada anatumia kibao kidogo cha shule na chaki. Akiwa jikoni anapiga makofi: moja maana yake njoo, mawili chai, matatu acha hayo unayoyafanya. Leo nimepigiwa matatu mara nyingi.

14 Machi

Fundi wa kompyuta amekuja. Ni mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na mtaa mzima unamwita Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake. Alikaa mbele ya mashine, akabonyeza mara tatu, akaguna.

"Mzee, hii mfumo wake umevurugika. Umeme ulikata ikiwa katikati ya kujipanga."

"Inatibika?"

"Nitajaribu kuufufua. Mfumo ukikataa, tutafomati tuweke mpya. Inakuwa kama imetoka dukani."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vinafutika, mzee. Ndiyo maana nasema nitajaribu kwanza."

Dada alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliandika NO kubwa, akaifuta haraka, akaandika HAPANA. Mazoea ya simu za hospitali bado yanamtoka kwa Kizungu.

"Utaanza lini kujaribu?" nikauliza.

Nadhani jibu lake sihitaji kuliandika.

15 Machi

Fundi hakuja.

16 Machi

Fundi hakuja. Mvua.

17 Machi

Mvua. Amekuja, amejaribu, ameshindwa, amekunywa chai vikombe vitatu.

21 Machi

Mpwa wangu amepiga simu kutoka huko anakofanya kazi. Ataolewa tarehe 30 Mei, hapa nyumbani. Nilipiga kelele hata jirani akachungulia ukutani. Dada alipiga kofi moja, nikampa simu. Aliiweka sikioni, akasikiliza huku machozi yanamtiririka, akagonga kwenye simu kwa kucha mara tatu, mara nne, ndiyo, ndiyo.

Niliporudishiwa, mpwa wangu aliniuliza taratibu, "Mjomba, ile ya siku yangu ipo?"

"Ipo."

"Mama aliniahidi. Aliniambia siku hiyo hatasema mtu mwingine kwa niaba yake, atasema mwenyewe."

"Ipo, mwanangu. Mambo ya mjomba wako unayajua."

Kwa kweli anayajua. Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa masjala, sikupoteza jalada hata moja. Kwetu jalada likitoka rafuni, mahali pake panawekwa kadi: limechukuliwa na nani, liko chumba gani. Kadi haichanwi mpaka jalada lirudi, hata ipite miaka kumi. Kuna kijana wa kazi aliwahi kuchana moja kwa kudhani ni uchafu, sikumsemesha siku mbili. Mtu wa namna hiyo hapotezi sauti ya dada yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, lakini chakula cha mchana kimenishinda.

26 Machi

Leo nimeamini kuna Mungu. Niliiwasha kwa mazoea tu, kama mtu anayejaribu mlango anaojua umefungwa. Ikawaka! Picha ikatokea, kengele ya kuwaka ikalia, folda ikawa palepale: MAMA ASEMA.

 Nilikuwa nimeshanunua fleshi, nikaichomeka, nikaishika ile folda nzima nikainakili. Nilitegemea nitasubiri mpaka jioni. Haikumaliza hata dakika. Mafaili mia sita na kumi na mawili kwa kufumba na kufumbua! Watu wanaisema vibaya hii mashine.

Lakini mimi si mtu wa kuamini tu, mimi ni wa kuhakiki. Nikafungua ile fleshi, siyo kompyuta, fleshi yenyewe, nikabonyeza "Chai iko mezani". Sauti ya dada ikajaa sebuleni. Nikabonyeza "Umechelewa". Nikabonyeza hapana zote sita. Kila kipicha kilikuwa na kile kimshale chake kidogo pembeni cha kuonyesha ubonyeze wapi, hakuna hata kimoja kilichokosekana. SIKU YA BINTI nimeiona ipo. Sikuibonyeza. Si yangu.

Dada alitoka jikoni mikono imejaa unga, akasimama mlangoni akijisikiliza. Nilidhani atafurahi. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani, akarudi kwenye unga wake.

Nimeitia fleshi kwenye kopo la majani ya chai, nikaandika juu: NAKALA. IMEHAKIKIWA. Nikatia sahihi.

27 Machi

Kiduara. Haidhuru, nakala ninayo.

2 Aprili

Tumegombana. Ugomvi wa mtu anayesema na mtu anayeandika hauna haki. Mimi namaliza hasira yangu yote, yeye bado anatafuta chaki.

Nilimwambia dada kwamba fundi anataka kuichukua mashine akajaribu tena kuufufua mfumo, na kwamba mimi sitaki kungoja tena, nataka afomati tu, wiki hii nyumba irudi kuwa nyumba. Akaandika: HARAKA YA NINI? Nikasema ni kwa ajili yake, nimechoka kumwona anapiga makofi kama anafukuza kuku. Akaniangalia. Akaandika polepole, herufi nzuri za zamani:

MIMI CHAKI NIMEIZOEA. WEWE NDIYE HUJAZOEA.

Nilitoka nikaenda kusimama barazani na mvua ikininyeshea nusu. Nimekaa nikihesabu ni mara ngapi, kabla ya mashine kuharibika, alikuwa anabonyeza neno nikiwa sipo. Sikumbuki hata mara moja. Alikuwa anabonyeza nikiingia. Miaka miwili nilidhani namsaidia yeye aongee, kumbe ni yeye anayenilea mimi. Nimeona aibu, nami si mwepesi wa aibu.

8 Aprili

Nimempelekea Kesho mashine dukani kwake, nimeifunika nailoni kama mtoto. Duka ni chumba kimoja kilichojaa maiti za kompyuta. Aliitoa diski, akaiunganisha kwenye mashine yake, akasema, "Diski yako nzima, mzee. Kilichooza ni mfumo tu. Unataka nikutolee kwanza mafaili yako yote niyaweke pembeni? Siku mbili, tatu."

Hapa ndipo pa kuandika vizuri.

Nikasema, "Nakala ninayo."

"Ya kila kitu?"

"Ya kinachohusika."

"Umehakiki?"

"Kwa masikio yangu."

"Si vibaya nikikutolea tena, mzee. Mficha uchi hazai."

Nami nikaona picha ya Kesho, miwani puani, anapitia mafaili ya dada, anabonyeza hili na lile kuona kama yanafanya kazi, anafika SIKU YA BINTI. Dakika kumi na moja ambazo hata mimi sijasikia, zinasikika kwanza katika duka hili, na mteja wa chaja amesimama mlangoni. Nikasema, "Usijisumbue, fundi. Futa."

"Nifute kabisa?"

"Futa. Lakini ngoja kwanza nimuulize mwenyewe, dada."

9 Aprili

Nimemuuliza dada. Akaandika: NAKALA IPO? Nikamfungulia kopo, nikamwonyesha maandishi yangu na sahihi. Akasoma, mabega yakacheka, hivyo ndivyo anavyocheka siku hizi. Akaandika: BASI FANYA, BWANA MASJALA.

Nimempigia fundi. "Fanya," nimemwambia. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akajibu, "Leo hii hii."

12 Aprili

Mvua kubwa. Ukuta wa uani umelowa mpaka katikati. Nina furaha ya kijinga.

15 Aprili

Kesho aliileta mwenyewe saa nne asubuhi. Imewaka kwa muda wa kuhesabu kumi. Kioo kisafi, picha ya ua la njano. Dada alivuta kiti akakaa, akakunja mikono mapajani kama anayesubiri kupigwa picha. Nilifungua kopo, nikachomeka fleshi. Folda ikatokea. Vipicha vikatokea, vyote, lakini vyeupe, kila kimoja na kimshale chake.

Nikabonyeza "Chai iko mezani". Kikaja kisanduku cha maneno: faili halipo, limehamishwa au limefutwa.

Nikabonyeza "Nani?". Halipo. Nikabonyeza "Umechelewa". Nikabonyeza hapana ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaenda SIKU YA BINTI, sikujali tena kama si yangu, nikabonyeza, nikabonyeza tena. Fundi akanishika mkono.

"Mzee. Hii ndiyo nakala?"

"Ndiyo."

Akavaa miwani, akaangalia uzito wa yale mafaili. 

"Mzee, haya si mafaili. Haya ni vibao vya njia. Kimshale hiki kinasema faili liko mahali fulani, liendee huko. Yenyewe yalikuwa kwenye folda nyingine, ndani kabisa ya diski."

"Mbona yalilia? Niliyabonyeza kwenye fleshi, yakalia!"

"Uliyabonyeza kwenye kompyuta ileile. Yalikuwa yanakwenda kuyachukua kwenye diski. Diski ile..."



Ndipo nikamkumbuka mpwa wangu, miaka miwili nyuma, kidole chake juu ya kioo: "Mjomba, hivi vya mbele ni vya kubonyeza tu, vyenyewe viko humu ndani." Nami natikisa kichwa.

Kadi. Nilinakili kadi. Mafaili mia sita na kumi na mawili, nikachukua kadi zake zote, nikazitia kwenye kopo, nikatia sahihi, kisha nikaamuru masjala ichomwe moto. Mimi! Wangekuwa mia wajinga duniani, tisini na tisa wangenakili vitu vyenyewe kwa bahati tu. Alihitajika karani wa masjala kufanya hivi.

Niligeuka kwa dada.  Tulikuwa wawili pale tusio na sauti. Aliinuka, akatazama dirishani, akatoka nje kuanua nguo kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

16 Aprili

Nisingependa kuandika.

17 Aprili

Hajashika chaki siku mbili. Anapika, anafagia, ananiwekea chakula. Angenipiga ningeshukuru.

19 Aprili

Kesho amesema kuna njia ya kuchimbua vilivyofutwa, ila mfumo mpya umekaa juu yake kama nyumba juu ya kaburi. "Nitachimba, mzee. Siahidi." Alipoona uso wangu akaongeza, "Kuvunjika kwa mwiko si mwisho wa kupika." Nilimwambia aende na mwiko wake. Kisha nikamfuata mpaka njia panda, na mvua, nikamwomba radhi. Mtu alitaka kunisaidia nikamkatalia kwa wivu. Hana kosa hata chembe.

22 Aprili

Nimekaa mbele ya ile mashine. Inafanya kazi vizuri mno. Inawaka haraka, haikwami, haina kitu.

26 Aprili

Nimejaribu kuikumbuka sauti yake ikisema jina langu la utotoni. Neno linakuja, sauti haiji. Nimelia chooni, bomba likiwa wazi, kama kwamba kuna atakayesikia katika nyumba hii kisha aseme.

1 Mei

Dada ameandika kwa mara ya kwanza tangu siku ile. CHUMVI IMEISHA. Nimekwenda kununua mbio mbio, nimeleta pakiti tatu.

6 Mei

Kesho amerudi. Siku kumi na saba amechimba. Amepata vipande kumi na vinne. Kumi na vitatu ni mchakacho mtupu, kama mtu anatembea juu ya kokoto. Kimoja ni kizima, sekunde nne.

Tumekisikiliza wote watatu. Ni mwanzo wa lile faili la mwisho; alikuwa ameshawasha kurekodi kabla sijatoka. Sauti ya dada, safi, ya ukali wake uleule wa mapenzi:

"Haya, toka nje. Na mlango uufunge."

Kisha mlango unafungwa. Basi.

Yaani katika sauti yote ile, kilichobaki duniani ni mimi kufukuzwa. Dada mabega yalimtikisika. Alicheka hata akakishika kitambaa kile anachofunikia tundu la shingoni, akakohoa, nikamletea maji. Mimi sikucheka. Fundi aliaga bila kunywa chai.

7 Mei

Nimekisikiliza mara thelathini hivi. Naisikia mpaka kitasa.

13 Mei

Mpwa wangu anapiga simu kila siku kuhusu viti, maturubai, wageni. Kila siku nasema nitamwambia, kila siku nasema hewala viti mia moja. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu amekuja mapema, amekaa kitini pangu, anakula nami.

18 Mei

Mvua imepungua. Natamani inyeshe.

24 Mei

Amefika. Amekonda kidogo, amekuwa mrembo kama mama yake wa enzi za simu. Alimkumbatia mama yake mlangoni wakayumba pamoja. Nilibeba masanduku yote kwa mkupuo mmoja ili mikono yangu iwe na kazi.

Mchana, vyombo vikiwa bado mezani, nikamwambia. Nilisema yote, kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe, kama ninavyoandika hapa. Sikujitetea. Nilipofika kwenye vimshale, akaweka mkono mdomoni.

"Mjomba, ni mimi niliyevitengeneza vile."

"Ulinieleza. Nilitikisa kichwa."

"Nilieleza mbio mbio, nilikuwa nawahi safari. Ningeyaweka tu pale mbele yenyewe... Ni mimi. Sauti ya mama nimeiua mimi."

"Usiseme hivyo."

"Na ile ya siku yangu? Ile aliyoniahidi? Sitajua kamwe alisema nini!" Akalia kama mtoto, kichwa juu ya meza, kati ya sahani. Nami nikaona kwamba nilichopoteza si changu wala si cha dada, ni cha huyu, na hakuna rafu yoyote duniani nitakayokitafuta nikakipata.

Makofi matatu. Acheni.

Dada alikuwa amechukua kibao. Aliandika, akakigeuza kwa binti yake:

HALIKUWA NA KITU.

Akafuta kwa kiganja. Akaandika tena: NILIKAA DAKIKA KUMI NA MOJA. MANENO YALIKATAA. NILIONA AIBU KUWAAMBIA.

Mpwa wangu alisoma, akainua macho. "Kweli, mama?"

Dada akatikisa kichwa, ndiyo. Akaandika: MJOMBA WAKO AMEPOTEZA KIMYA TU.

Mtoto akacheka katikati ya kilio, kamasi na machozi. Kisha akanigeukia mimi, maana si mjinga.

"Mjomba, ni kweli? Wewe ulikuwepo siku ile."

Nilimtazama dada. Alikuwa ameshika chaki kwa nguvu hata imevunjika. Nikaisikia ile sauti koridoni, ikipanda na kushuka, na pale katikati alipocheka. Miaka miwili nimeificha siri ile ndogo ya mtoto mdokozi.

"Kweli," nikasema. "Mimi nilisimama nje ya mlango muda wote. Sikusikia hata neno."

Dada hakuwa anajua kwamba nilisimama pale. Aliniangalia, akaelewa nilikuwepo, akaelewa nilisikia, na akaelewa nilichokifanya sasa hivi. Hatukuangaliana tena mpaka jioni. Akainuka, akakusanya sahani, akanipigia makofi mawili. Nikaenda kuteleka chai.

30 Mei

Mpwa wangu ameolewa. Ulipofika wakati wa mama kusema, dada alisimama mbele ya watu wote, akamshika binti yake uso kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Hakuandika kitu. Watu walinyamaza mpaka mtoto wa mtu akauliza kwa sauti, "Mbona haongei?" Mama yake akamziba mdomo. Sijui ilikuwa muda gani. Nimejikuta nahesabu, nikaacha.

2 Juni

Mvua imekwisha. Wageni wameondoka, maturubai yamerudishwa. Kompyuta nimeizima na kuifunika kitambaa. Dada anasema, yaani ameandika, niigawe.

Nimelifungua kopo la majani ya chai. Fleshi imo, na juu yake sahihi yangu. Ndani yake kuna vimshale mia sita na kumi na viwili, vyote vinaonyesha mahali ambapo hakuna kitu. Fundi alisema ni takataka, nifute nitumie kwa mambo mengine.

Kadi haichanwi mpaka jalada lirudi. Nimelifunga kopo, nimelirudisha kabatini, mahali pake.